Kikundi kipi cha kuacha pombe kinakufaa? AA, SMART Recovery, vikundi vya imani na vya kidunia

Anayeamua kuacha pombe huambiwa mapema sana: tafuta kikundi. Ushauri ni mzuri, ila mara nyingi unaishia hapo. Akianza kutafuta anakutana na majina asiyoyajua, na hakuna anayemweleza ndani ya chumba hicho ataulizwa nini, ataombwa kusali au la, atatakiwa kuzungumza mbele ya watu au ataachwa akae kimya. Aibu aliyonayo inatosha kumgeuza njiani kabla hajafika mlangoni. Ulinganisho huu ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya ndugu au mwenzi anayemtafutia msaada.

Nimeweka aina nne ubavu kwa ubavu: Alcoholics Anonymous, ambayo wengi wanaiita AA tu, SMART Recovery, vikundi vinavyosimama juu ya dini, na vikundi vya kidunia, yaani visivyoingiza dini, kama Women for Sobriety na LifeRing. Kila aina ina watu iliyowanusuru, na kila aina ina watu walioingia mara moja wasirudi tena.

Kwanza, usalama wa mwili

Kabla ya kuchagua kikundi chochote, kuna jambo ambalo halisubiri. Mtu anayekunywa sana kila siku, akiikata pombe ghafla, mwili unaweza kumgeuka. Kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Wanaopata degedege wengi huipata ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa, wakaona vitu ambavyo havipo, joto la mwili likapanda. Hali hiyo isipotibiwa inaua.

Kwa hiyo kama unakunywa asubuhi ili mikono itulie, au uliwahi kupata degedege ulipojaribu kuacha, nenda kwa daktari kwanza. Zipo dawa za kuvusha mwili siku hizo, na zipo nyingine za kupunguza hamu baadaye, kama vile naltrexone na acamprosate. Kikundi hakifanyi kazi hiyo. Na ukikutana na mtu kwenye mkutano anayekuambia uache dawa ulizoandikiwa, usimsikilize, hata kama ana miaka 20 bila kugusa kileo. Machapisho ya AA yenyewe yanasema wazi kwamba mwanachama asijifanye daktari wa mwenzake.

Vigezo nilivyotumia

Nimejiuliza jambo moja: ni nini humfanya mtu arudi wiki ijayo, na ni nini humfanya asirudi? Kutokana na swali hilo nimepata vigezo vitano.

Cha kwanza ni msingi: kikundi kinaamini mtu anaachaje pombe. Cha pili ni kinachotokea ndani ya mkutano. Cha tatu, na naona ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, ni msaada baina ya mkutano mmoja na mwingine, maana hamu haingoji ratiba. Cha nne ni upatikanaji na gharama. Cha tano ni lengo: je, kikundi kinataka uache kabisa, au kinakupokea hata kama bado hujaamua?

Utaona sikuweka kigezo cha "kipi kinaponya zaidi". Utafiti upo, na ni vizuri kuujua. Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, yakaonyesha kwamba programu zilizopangwa za kuwaingiza watu kwenye AA zilifanya vizuri kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo katika kumfanya mtu aache kabisa bila kukatiza. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa 2018, uliwafuatilia watu 647 wa Women for Sobriety, LifeRing, SMART na vikundi vya hatua 12, yaani AA na vinavyofuata mfano wake. Uliona kwamba aliyejishughulisha zaidi na kikundi chake alifanya vizuri zaidi, kikundi chochote kiwe. SMART na LifeRing zilianza zikionekana kuwa nyuma, lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na kwamba wanachama wake wengi hawakuwa wameweka lengo la kuacha kabisa tangu mwanzo.

Ninachokichukua mimi hapo ni kwamba kikundi utakachokihudhuria na kushiriki kina thamani kuliko kikundi chenye sifa ambacho utakikimbia.

Alcoholics Anonymous (AA)

*Msingi.* AA ilianzia Akron, Ohio, mwaka 1935, wakati Bill Wilson, dalali wa hisa, alipokutana na daktari wa upasuaji Robert Smith. Wilson alikuwa safarini, biashara imeharibika, na baa ilikuwa karibu. Alichogundua ni kwamba alipozungumza na mlevi mwenzake, hamu yake mwenyewe ilishuka. Hadi leo hicho ndicho kiini cha AA, na Hatua 12 zimejengwa juu yake: kukiri kwamba pombe imekushinda, kuutegemea uwezo ulio mkuu kuliko wewe, kujichunguza bila kujificha, kuwarekebishia uliowakosea, kisha kumbeba mwingine. Neno Mungu limo, likifuatwa na maelezo kwamba ni Mungu kwa namna kila mtu anavyomwelewa. Wapo wasioamini wanaokaa humo kwa raha wakilichukulia kundi lenyewe kuwa ndio uwezo huo mkuu. Wapo pia ambao kila sala inawachoma, na hao hawapaswi kulaumiwa. Katika baadhi ya miji kuna mikutano ya AA ya wasiofuata dini.

*Ndani ya mkutano.* Viti vimepangwa duara au safu. Mmoja anasoma utangulizi, mwingine anasoma Hatua. Kisha mtu anasema jina lake la kwanza, anaongeza "mimi ni mlevi", na chumba kizima kinamwitikia kwa jina. Anazungumza dakika chache: alivyokuwa, kilichotokea, alivyo sasa. Akimaliza wanamshukuru, na zamu inasogea. Hakuna anayemjibu wala kumshauri, kwa kuwa katika mikutano mingi kumjibu mwenzako moja kwa moja kumekatazwa. Mgeni akifikiwa anaweza kusema "leo nasikiliza tu", na hakuna atakayemsonga. Wanaotimiza siku, miezi au miaka bila pombe hupewa sarafu ya kumbukumbu na kupigiwa makofi. Yote hayo kwa kawaida huchukua saa moja hadi saa moja na nusu.

Jua tofauti ya mkutano wa wazi na wa ndani. Wa wazi unampokea yeyote, hata mke, mume, rafiki au mwanafunzi anayetaka kuelewa. Wa ndani ni kwa wenye tatizo la pombe tu. Ukitaka kusindikizwa siku ya kwanza, tafuta wa wazi.

*Baina ya mikutano.* Hapa AA ina nguvu isiyo ya kawaida. Kuna mdhamini, yaani mwanachama mwenye uzoefu anayekupitisha Hatua moja baada ya nyingine na ambaye unampigia simu kabla ya kunywa. Hapangiwi mtu. Unamsikiliza anavyoongea, ukimpenda unamwomba. Desturi ni wanaume kudhaminiwa na wanaume, wanawake na wanawake. Mbali na yeye, mgeni huondoka na karatasi yenye namba kadhaa za simu, na wanaozitoa wanataka kweli zitumike.

Ubaya wake ni kwamba hakuna anayewachuja wadhamini. Wengi ni watu wa kuaminika sana, lakini wapo wanaotawala, na wapo wanaowawinda wageni kimapenzi wakiwa bado wamevunjika. Wenyewe wanauita mchezo huo "hatua ya kumi na tatu", na kikundi kizuri kinaukemea. Ukiona dalili zake, badilisha mkutano, usiache kuhudhuria.

*Upatikanaji.* Hakuna kinacholingana na AA kwa wingi. Ipo katika nchi zipatazo 180, na katika miji mikubwa unaweza kukuta mikutano asubuhi, mchana na usiku siku hiyo hiyo. Hakuna ada. Kikapu hupitishwa, na mgeni haombwi kutia kitu. Kikundi hakipokei pesa za watu wa nje, kwa hiyo hakuna serikali, kanisa wala kampuni yenye sauti juu yake. Programu ya simu ya Meeting Guide huonyesha mikutano iliyo karibu na ulipo.

*Lengo.* Kuacha kabisa, siku moja kwa wakati. Lakini sharti la kuingia ni kuwa na nia ya kuacha tu. Hata aliyekunywa leo hafukuzwi katika vikundi vingi. Huombwa akae asikilize, azungumze siku nyingine.

*Kinamfaa* mtu mpweke, mtu anayehitaji kushikwa mkono kila siku, mtu anayejifunza kwa kusikia maisha ya wengine. Kinamchosha anayetaka majibu ya moja kwa moja au asiyevumilia kujiita mlevi.

SMART Recovery

*Msingi.* Ilianza kutumia jina hili Marekani mwaka 1994. Imejengwa juu ya tiba ya kisaikolojia inayoshughulikia mawazo na tabia. Haizungumzii uwezo mkuu, na haikutaki ujiite mlevi wala mraibu. Ina nguzo nne: kujenga na kulinda ari ya kubadilika, kuikabili hamu, kusimamia mawazo, hisia na tabia, na kuishi maisha yenye uwiano.

Mfano wa zana zao unasema mengi kuliko maelezo. Unachukua karatasi, unaigawa vyumba vinne: faida za kunywa, hasara za kunywa, faida za kuacha, hasara za kuacha. Unaruhusiwa kuandika ukweli, na hapo ndipo wengi wanaposhtuka, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuna anayewakatiza wakisema pombe inawapa kitu. "Nasahau madeni." "Naweza kuongea na watu." Kisha kando ya kila mstari unaandika kama jambo hilo ni la muda mfupi au la muda mrefu. Faida za kunywa karibu zote huwa za usiku mmoja. Hasara za kuacha nazo, kama kukosa usingizi na upweke wa jioni, huonekana kuwa za muda pia, ingawa ni kali. Karatasi hiyo hukunjwa ikawekwa mfukoni, isomwe hamu inapopanda.

Zana nyingine inakufundisha kutenganisha tukio, fikra yako kuhusu tukio hilo, na matokeo yake. Bosi amekufokea; ukajiambia huwezi kuvumilia bila glasi; ukaenda kunywa. Kazi inafanyika pale katikati, kwenye hicho ulichojiambia.

*Ndani ya mkutano.* Kuna mwezeshaji aliyepata mafunzo. Huenda naye aliwahi kuwa na uraibu, huenda hakuwahi. Kila mtu anaeleza kwa kifupi wiki yake, kikundi kinachagua suala moja au mawili, watu wanajibizana na kupeana mbinu, zana moja inafanyiwa kazi, halafu kila mmoja anasema atafanya nini hadi mkutano ujao. Jirani yako anaweza kuwa mwenye shida ya kamari au dawa za kulevya, kwa kuwa SMART inachanganya uraibu wa kila aina. Wengine hilo huwapanua mawazo. Wengine hujihisi hawako kwao.

*Baina ya mikutano.* Hakuna mdhamini. Una kitabu cha mazoezi, zana, na mawasiliano ya mtandaoni. Kwa mtu mwenye nidhamu hiyo inatosha. Kwa mtu ambaye saa nane za usiku anahitaji sauti ya binadamu, hapa kuna pengo, na ni afadhali ulijue kabla.

*Upatikanaji.* Mikutano ya ana kwa ana ni michache sana ikilinganishwa na ya AA, na sehemu nyingi haipo kabisa. Ya mtandaoni ipo mingi. Kuhudhuria ni bure, mchango ni hiari, kitabu kinauzwa.

*Lengo.* Mafunzo yanaelekea kwenye kuacha kabisa, lakini aliye na mashaka hupokelewa ajifikirie akiwa ndani. Pia hutarajiwi kuhudhuria maisha yako yote. Ukishasimama imara unaweza kuondoka bila kuonekana mwasi.

*Kinamfaa* anayependa kuelewa sababu na kufanya mazoezi, asiyetaka dini katika jambo hili, na anayechukia kuitwa kwa tatizo lake.

Vikundi vinavyosimama juu ya dini

*Msingi.* Hapa imani ndiyo nguzo yenyewe, tena kwa jina lake. Msalaba wa Bluu ulianzishwa Uswisi mwaka 1877 na mchungaji Louis-Lucien Rochat, miaka mingi kabla ya AA, na bado unafanya kazi katika nchi mbalimbali. Celebrate Recovery ilianza 1991 katika kanisa la Saddleback, California, na inaziunganisha Hatua 12 na mafundisho ya Biblia. Kwa Waislamu kuna Millati Islami, iliyoanza Baltimore mwaka 1989, ambayo imezipanga Hatua hizo kwa misingi ya Uislamu.

*Ndani ya mkutano.* Sala, mafundisho na ushuhuda. Katika Celebrate Recovery kwanza wote hukaa pamoja, kisha wanagawanyika, wanaume kwao na wanawake kwao, ili watu waseme yale wasiyoweza kuyasema mbele ya umati.

*Baina ya mikutano.* Jamii nzima ya waumini inaweza kukushika: kukutembelea, kukusindikiza, kukujazia jioni ambazo zamani zilikuwa za baa. Ni neema kubwa. Jamii hiyo hiyo ndiyo inayokujua wewe na wazazi wako. Katika AA unaweza kuwa jina la kwanza tu. Katika ibada unayohudhuria tangu utotoni huwezi. Uliza mapema siri inalindwaje, na nani anapelekewa taarifa ukianguka. Swali hilo si utovu wa heshima.

*Upatikanaji.* Hutegemea kabisa mahali ulipo. Kwa kawaida ni bure.

*Lengo.* Kuacha kabisa, na mara nyingi kuijenga upya familia na ibada kwa pamoja.

*Kinamfaa* mtu ambaye imani yake ni hai na anataka toba na kupona viende pamoja. Nina angalizo moja, nalisema kwa uzito: kikundi kinachofundisha kwamba kurudia pombe ni ushahidi wa imani haba kinaweza kumfanya mtu afiche anguko lake hadi limmalize. Kikundi kizuri cha dini huomba pamoja nawe na pia hukupeleka hospitali.

Vikundi vya kidunia: Women for Sobriety na LifeRing

*Msingi.* Women for Sobriety ilianzishwa katikati ya miaka ya 1970 na Jean Kirkpatrick, mwanasosholojia aliyepigana na pombe yeye mwenyewe. Aliona kwamba mwanamke mlevi huingia chumbani akiwa tayari amejaa hatia na kujidharau, na kumtaka ajinyenyekeze zaidi kunamwongezea kile kile kinachomnywesha. Kwa hiyo programu yake ina kauli 13 za kujijenga, na mwanachama hujitambulisha kuwa mwanamke mwenye uwezo. LifeRing ina nguzo tatu: kuacha kabisa, kutoingiza dini, na kila mtu kutengeneza mpango wake mwenyewe.

*Ndani ya mkutano.* Vyote viwili ni vya mazungumzo. LifeRing huanza na swali moja, wiki yako ilikuwaje, na wenzako wanaruhusiwa kukujibu. Hakuna hatua za kupanda.

*Baina ya mikutano, upatikanaji na lengo.* Hakuna wadhamini wa mtindo wa AA, ila wanachama huandikiana na kupigiana. Nje ya Marekani na nchi chache, tegemea mtandao. Vyote vinasimamia kuacha kabisa.

*Vinawafaa* wanawake wanaotaka chumba cha wanawake peke yao, hasa waliowahi kudhulumiwa na wanaume, na watu wanaopenda mazungumzo ya kawaida bila programu iliyoandikwa tayari.

Chumbani au kwenye simu?

Tangu 2020, karibu kila aina niliyoitaja ina mikutano ya video, na kwa anayeishi mbali, mlemavu, mlezi wa watoto au mwenye zamu za usiku, hiyo ndiyo njia ya kweli. Unaweza kuzima kamera na kusikiliza kwanza. Kabla hujabofya, angalia jina linaloonekana kwenye skrini. Simu nyingi huonyesha jina kamili, au hata jina la kazini. Libadilishe libaki la kwanza tu. Vaa vipokea sauti, maana siri inayolindwa si yako pekee, ni ya kila anayezungumza.

Kinachokosekana mtandaoni ni zile dakika kumi kabla na baada ya mkutano. Watu wanapokunja viti ndipo mtu humsogelea mgeni na kumuuliza, "Ni mara yako ya kwanza?" Ushauri wangu ni kwamba kama una njia ya kufika chumbani, fika mapema kidogo na usikimbie mara tu mkutano unapoisha. Kama huna, chagua mkutano mmoja wa mtandaoni wa saa ile ile kila wiki, wakuzoee.

Ratiba za mtandaoni huchakaa. Mkutano ulioorodheshwa unaweza kuwa umehama au umekufa, na kumkuta mlinzi asiyejua lolote siku uliyojikaza kwenda huvunja moyo. Piga simu au andika ujumbe kwanza, uhakikishe mahali, saa, na kama ni wa wazi.

Usihukumu aina nzima kwa mkutano mmoja. Mikutano miwili ya AA katika mji mmoja inaweza kuhitilafiana sana: mmoja wa wazee wakali, mwingine wa vijana wanaocheka. Jaribu kadhaa, kwa siku na saa tofauti. Lakini ondoka mara moja, bila kungoja ya pili, ukiona wanadai pesa, wanakukataza daktari, wanasimulia nje yaliyosemwa ndani, au wanakutaka ukate ndugu zako wote.

Kulingana na hali yako

Kama uko katika wiki za kwanza na unaogopa jioni, angalia idadi ya mikutano kuliko falsafa. Kwa sehemu nyingi hiyo itakupeleka AA, kwa kuwa huenda ndiyo pekee yenye mkutano leo. Wengi humo watakushauri mikutano 90 kwa siku 90. Si sharti, ila kwa mtu aliye katika hatari ina mantiki.

Kama dini inakukwaza, anza na SMART au LifeRing, na ujitafutie mwenyewe mtu mmoja wa kumpigia usiku, awe ndugu au rafiki asiyekunywa. Kama dini ndiyo inayokubeba, tafuta kikundi cha imani yako. Ukihofia kujulikana, nenda cha mtaa mwingine.

Kama hujaamua kuacha, unataka tu kujua kama una tatizo, mkutano wa wazi wa AA na mkutano wa SMART vyote vitakupokea ukiwa na mashaka yako. Hudhuria kimoja kimoja, usikilize.

Kama unatumia dawa za msongo wa mawazo au za kupunguza hamu, uliza mapema kikundi kinazichukuliaje. Jibu la wasiwasi linakuambia utafute kingine.

Hakuna sheria inayokuzuia kuchanganya. Wapo wanaokwenda AA kwa ajili ya watu na SMART kwa ajili ya zana, na hakuna upande unaoweza kukuzuia.

Kama anayekunywa ni mwenzi wako, mzazi au mtoto, na yeye hataki kusikia habari ya mkutano wowote, wewe nenda. Al-Anon, iliyoanzishwa 1951, ni ya ndugu na marafiki wa wanywaji, na Alateen ni ya vijana walio katika familia hizo. SMART nayo ina mikutano ya familia na marafiki. Huhitaji ruhusa yake, wala huhitaji kungoja hadi yeye aache.

Na kama ulishawahi kuwa mwanachama mahali, ukarudia pombe, na sasa unaona haya kuonekana: mpigie mtu mmoja wa kule kabla ya siku ya mkutano, mwambie unakuja, na mwombe akutunzie kiti kando yake. Ikiwa huwezi kabisa kurudi kwa watu wale wale, nenda kwenye kikundi kingine wiki hii hii. Ukihisi mikono inatetemeka au umekuwa ukinywa mfululizo kwa siku nyingi, pitia kwa daktari kwanza, na mkutano ufuate baada ya hapo.